Eufrazia Banzi, mpishi wa mbwa aliyebeba kopo la karanga hadi kwa daktari

Saa mbili na robo asubuhi chakula kimeshaiva, lakini hakuna anayekula. Mbwa kumi na watano wamesimama kwenye vizimba vyao, masikio juu, pua zimepenyezwa kwenye nyavu. Wachache wanalia kwa sauti nyembamba. Wengine wametulia tu, wanamwangalia mwanamke mmoja.

Eufrazia Banzi anachota upawa mmoja kutoka kwenye sufuria kubwa, anamimina kwenye sahani ya bati, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kula yeye.

Ni wali uliopikwa ukalainika, umechanganywa na boga, maini yaliyokatwa vipande vidogo, mchicha, na dagaa waliooshwa mara nne mpaka maji yakaacha kutoa mchanga. Hauna chumvi. Hauna kitunguu. Anatafuna kila tonge kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Si kitamu kwa binadamu," anasema akifuta mdomo kwa upande wa khanga. "Lakini kama kuna uchungu humu, ulimi wangu utauona kabla yao."

Anaiweka sahani chini na kuangalia saa kwenye simu. Atasubiri nusu saa. Wakati huo wote hazungumzi na mtu. Fidelis, mtunzaji wa mbwa wa kituo hiki, ameshazoea. "Usimsemeshe sasa hivi," anamwambia mwandishi. "Akimaliza kusubiri atakujibu mwenyewe."

Daktari wa mifugo anayehudumia kituo amemweleza zaidi ya mara moja kwamba nusu saa haionyeshi kitu. Sumu anayoiogopa Eufrazia haiui kwa nusu saa. Inakaa mwilini, inajikusanya siku hadi siku. Eufrazia anaelewa, na hata anaweza kukueleza vizuri kuliko watu wengi mjini Morogoro. Bado kila asubuhi anakaa juu ya ndoo na kula kwanza.

Kituo kiko Mkundi, pembeni mwa mji, mahali ambapo ukigeuka nyuma unaiona milima ya Uluguru yote kwa upana wake. Wiki hii haionekani. Mawingu yameshuka mpaka nusu ya mlima na mvua inanyesha karibu kila siku. Masika yameanza, na Eufrazia hapendi masika tena.

Ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Matombo, mtoto wa tatu wa Maria, mama ambaye mpaka leo analima migomba, pilipili manga na karanga kwenye kipande cha mteremko kisichozidi ekari moja. Akiwa na miaka kumi na saba aliingia kusaidia jikoni kwa masista wa misheni. Huko ndiko alikojifunza kupika kwa ajili ya watu wengi, na kunawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Sista aliyetufundisha alikuwa mkali," anakumbuka. "Ukichambua maharage ukaacha moja bovu, anakuita, anakuonyesha lile moja. Anakuuliza, hili utampa nani?"

Alihamia mjini baada ya kuolewa na Alois, fundi mitambo anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa Turiani na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Huko mjini walimpata binti yao, Neema. Alipika kwenye maeneo ya ujenzi, akapika kwenye mabweni. Mwaka 2021 alipata kazi ya kuwapikia walinzi katika kituo kipya cha mbwa wa ulinzi. Mwenye kituo ni Eustace Mkude, askari polisi mstaafu aliyetumia miaka ishirini na sita akifanya kazi na mbwa. Wote humwita Afande.

Eufrazia aliajiriwa kupikia watu tu. Mbwa walikuwa wanapikiwa na mlinzi yeyote aliyekuwa na nafasi, na chakula chao kilikuwa kilekile kila siku ya Mungu: ugali wa pumba uliolowekwa kwenye maji ya dagaa.

"Nilikuwa nawaangalia naumia," anasema. "Manyoya yanatoka, mbavu unazihesabu. Mbwa anakula leo pumba, kesho pumba, keshokutwa pumba. Mimi mwenyewe ukinipa wali mtupu siku tatu nitagombana na wewe."

Alianza kwa siri. Kulikuwa na jike anaitwa Rozi, amezaa watoto sita na maziwa yanakaribia kukauka. Eufrazia alianza kumwekea boga lililobaki, yai moja, kipande cha pafu la ng'ombe kilichochemshwa. Baada ya wiki tatu Afande alisimama mbele ya kizimba cha Rozi kwa muda mrefu, kisha akamwita.

"Mama Neema, huyu umempa nini?"

Eufrazia alijua kazi imekwisha. "Chakula, Afande."

"Chakula gani?"

"Chakula tu, Afande. Kama chakula."

Afande hakucheka, lakini wiki iliyofuata jiko la mbwa lilikuwa lake. Leo mshahara wake ni shilingi laki mbili na thelathini kwa mwezi, na kila siku anapika kilo ishirini na nane za chakula. Machinjioni anachukua maini, mapafu, bandama na moyo. Sokoni anachukua mboga zilizobaki jioni zikiwa bado nzima: karoti zilizoshuka kutoka milimani, maboga, viazi vitamu. Siku moja ni wali, siku nyingine ugali wa dona, siku nyingine ndizi za kuchemsha na samaki. Mifupa iliyopikwa haigusi, kwa sababu inavunjika vipande vyenye ncha na kutoboa tumbo. Kitunguu, ambacho huharibu damu ya mbwa, hakifiki hata mlangoni.

Manyoya yakarudi. Kupe wakapungua kwa sababu ngozi ilikuwa nzima na Fidelis aliona kirahisi pa kuwatoa. Wateja waliokodi mbwa wa kulinda maghala wakaanza kuuliza kituo kinawapa nini.

Majirani nao walisema yao. Mama mmoja alimwambia dukani, mbele ya watu, kwamba mbwa wa Afande wanakula kuliko wanawe. Eufrazia alirudi nyumbani bila alichoendea kununua.

"Lile neno lilinikaa," anasema. "Kwa sababu si uongo. Lakini mimi ndiyo kazi yangu. Nikimpikia mtu nampikia kwa moyo, nikimpikia mbwa siwezi kugeuka mtu mwingine."

Nusu saa imetimia. Anainuka, anaanza kupakua. Sahani kumi na tano, kila moja na jina lake. Mikono yake inakwenda haraka sasa, lakini macho hayaachi kuwafuata mbwa: nani ameanza kula mara moja, nani amenusa kwanza, nani amesita.

"Akisita mmoja," anasema, "moyo wangu unashuka mpaka miguuni."

Kisa chake ni cha mwaka jana, na hakisimulii kwa raha.

Karanga alizokuwa akiwapa mbwa waliokonda zilikuwa zinatoka Matombo, kwa mama yake, zikiwa kwenye maganda. Alizimenya mwenyewe, akazikaanga kidogo, akazitwanga. Aprili ya mwaka jana mvua zilikata barabara mara mbili na gunia halikufika. Kituoni kulikuwa na mbwa watatu waliohitaji kuongezewa nguvu. Rozi alikuwa amezaa tena. Bobi alikuwa bado mdogo na mwembamba. Kamanda, dume jeusi la miaka sita, alikuwa ametoka kwenye homa ya kupe na uzito ulikuwa umemwisha.

Kamanda hakuwa mbwa wa kawaida pale. Afande alimlea tangu akiwa wa kubebwa mkononi. Walinzi wanasema ndiye mbwa pekee aliyeruhusiwa kulala barazani kwa Afande.

Eufrazia akaenda sokoni akanunua kilo sita za karanga zilizokwisha kumenywa.

"Zilikuwa za bei rahisi," anasema, na anapofika hapa sauti inapungua. "Zilikuwa ndogondogo, nyingine zimesinyaa. Chache zilikuwa na vumbi la kijani. Nikaondoa zile mbaya. Zilizobaki nikazikaanga kwa moto mkali. Nilisema moto utamaliza kila kitu. Nimepika miaka thelathini, moto ndio ninaouamini."

Alionja. Ya kwanza ilikuwa chungu, akaitema. Akachukua nyingine, ikawa tamu. Akaendelea na kazi.

Kwa karibu wiki tatu mbwa wale watatu walipata vijiko viwili vya karanga kila mlo, juu ya chakula kilekile walichokula wenzao. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Aprili, Kamanda alinusa sahani yake na kugeuza kichwa. Jumanne asubuhi wote watatu hawakula. Bobi alitapika. Fidelis alipomfunua Kamanda mdomo, fizi zilikuwa za manjano, na weupe wa macho ulikuwa wa manjano kama uliopakwa bizari.

Daktari wa mifugo, Rahel Lukali, alifika saa nne. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili anayezungumza kwa kasi na kuandika wakati huohuo. Alikagua, akatoa damu, akauliza kuhusu panya. Panya walikuwepo. Maji ya mvua yalikuwa yametuama kila mahali.

"Nilifikiri ni homa ya mgunda, ile inayoenezwa na mkojo wa panya," anasema daktari. "Msimu, panya, maji, umanjano, vyote vilielekeza huko. Ule ugonjwa unampata na binadamu, kwa hiyo niliwaambia wavae mabuti na glovu, na nikaanza dawa zake siku hiyohiyo."

Hofu iliingia kituoni. Mlinzi mmoja hakurudi kazini. Fidelis alioga kwa dawa ya kuua vijidudu mpaka ngozi ikababuka. Eufrazia alipika kama kawaida, akiwa amevaa glovu. Wale watatu hawakula.

Jumatano mchana daktari alirudi. Hakukuwa na nafuu. Alisimama katikati ya uwanja, mvua imekatika kidogo, akaangalia vizimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Kuna kitu hakikai sawa," alisema. "Hawa watatu hawalali pamoja. Huyu yuko mwanzo, huyu katikati, huyu mwisho kabisa. Bomba la maji ni moja kwa wote. Panya wanapita kote. Sasa hawa watatu wana kitu gani ambacho wale kumi na watatu hawana?"

Afande alimwangalia Fidelis. Fidelis akamwangalia Eufrazia.

"Mama Neema," Afande akauliza, "chakula ni kimoja?"

"Kimoja, Afande."

Daktari akaandika.

"Sufuria ilikuwa moja," Eufrazia anasema leo. Ameacha kufanya alichokuwa anafanya, mwiko uko mkononi. "Ningeweza kuapa kanisani kwamba sufuria ilikuwa moja. Lakini karanga nilikuwa naziweka juu, nikishapakua. Na nilijua palepale. Daktari alipouliza wana kitu gani, nilijua, kama mtu amenimwagia maji. Mdomo ukagoma."

Alifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Kopo la karanga zilizobaki lilikuwa kwenye rafu ya jikoni, kwa sababu alikuwa akizitwangia nyumbani. Alilitazama bila kulishika. Akampigia Alois.

Alois alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua.

"Hakuna."

"Basi nyamaza," mumewe akasema. "Mwaga chooni, osha kopo, nyamaza. Daktari mwenyewe kasema ni panya. Neema yuko mwaka wa mwisho chuoni. Ukifukuzwa kazi kwa ajili ya kudhuru mbwa wa Afande, nani atakupa jiko lingine hapa mjini?"

"Na wale watatu?"

"Eufrazia, ni mbwa."

Hamlaumu mumewe. "Alikuwa ananitetea," anasema. "Hata mimi nilibeba lile kopo mpaka mlango wa choo. Nikasimama pale. Nikawa namfikiria Rozi, ana watoto wananyonya, na sindano anayochomwa si ya ugonjwa wake. Nikarudi ndani."

Alhamisi asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, hajui kwa nini, akalifunga kopo kwenye mfuko na kwenda kwa miguu hadi zahanati ya mifugo anakofanya kazi Daktari Rahel. Alifika saa mbili kasoro. Mhudumu wa mapokezi akamwambia daktari hayupo, ameitwa Mkundi kwa haraka.

Akapanda bodaboda. Njia nzima aliomba. Hakumbuki alikuwa anaomba nini hasa.

Alipoingia getini aliona gunia limefunika kitu kirefu barazani kwa Afande, na Afande ameketi pembeni yake kwenye ngazi, kofia mkononi. Daktari Rahel alikuwa ananawa mikono. Fidelis alikuwa amesimama akiangalia chini.

Hakumsalimu mtu. Alitembea mpaka mbele yao, akalitoa kopo kwenye mfuko na kuliweka sakafuni.

"Ni nini hiyo?" Afande akauliza.

"Karanga. Niliwapa hawa watatu peke yao."

Afande aliliangalia kopo, kisha akamwangalia yeye.

"Jana uliulizwa," Afande akasema.

"Niliulizwa, Afande."

"Ukasema kimoja."

"Nikasema kimoja."

Afande aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Daktari Rahel hakungoja. Alifungua kopo, akanusa, akamwaga karanga kiganjani na kuzigeuza moja moja. Akamtuma Fidelis akalete maji ya dripu kwenye gari. Halafu akamgeukia Eufrazia na kuuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Mama, hizi na nyumbani mmekula?"

Eufrazia akakaa palepale sakafuni, karibu na gunia, na gauni lake la kanisani. Jumapili iliyopita alikuwa amezitwanga na kuunga kisamvu. Neema alikuwa amekuja likizo fupi. Neema alikula sahani mbili.

Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu, au kuhifadhiwa vibaya, huweza kutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Haionekani kwa macho. Kukaanga hakuiondoi. Inashambulia ini, na mbwa huathirika nayo haraka. Binadamu naye hayuko salama. Daktari Rahel anasema yeye mwenyewe alisoma haya chuoni, akafanyia mtihani, na bado siku ya kwanza alifikiria panya.

Siku ile alibadilisha tiba. Alisimamisha dawa alizokuwa akitoa, akawatundikia Rozi na Bobi dripu, akawapa dawa za kulinda ini na za kusaidia damu kuganda. Sampuli ya karanga ikapelekwa maabara. Watoto wa Rozi wakahamishiwa maziwa ya chupa.

Eufrazia alirudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia amefukuzwa, na hakuna aliyemwambia aje kesho.

Siku kumi na moja zilizofuata anazieleza kwa maneno machache. Aliamka, alifagia, alikaa. Alimpeleka Neema hospitali kupimwa damu, naye akapimwa, na wakasubiri majibu siku tatu. Walikuwa salama. Kila simu ilipolia, alidhani ni Fidelis anampigia kumwambia mwingine amekufa. Fidelis alikuwa anapiga kweli, akijificha Afande asimsikie.

"Rozi amesimama," alimwambia siku ya nne. Siku ya sita: "Rozi amekula." Kuhusu Bobi alisema tu, "Bado."

Majibu ya maabara yalitoka siku ya tisa. Karanga zilikuwa na sumukuvu mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Daktari Rahel alimpelekea Eufrazia habari yeye mwenyewe, nyumbani kwake. Alimpa shikamoo, akakaribishwa kiti, akamweleza. Eufrazia akamuuliza jambo moja tu.

"Daktari, ningesema ile Jumatano, Kamanda angepona?"

Daktari angeweza kumpunguzia. Anasema alifikiria kufanya hivyo.

"Sijui, mama," alimjibu. "Ini lake lilikuwa limeshaharibika sana. Labda asingepona. Labda. Ninachojua ni kwamba Rozi na Bobi nisingewapata bila lile kopo."

Eufrazia alishukuru na kumsindikiza hadi barabarani. Lile neno "labda" alibaki nalo. "Ndilo ninaloamka nalo," anasema. "Mpaka leo."

Siku ya kumi na mbili Afande Eustace alisimamisha gari nje ya nyumba yake. Hakuingia ndani. Walizungumza wakiwa wamesimama, na wote wawili wanayasimulia mazungumzo yale kwa namna moja.

"Sijaja kukwambia nimesahau," Afande alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Yule mbwa nilimlea."

"Najua, Afande. Naomba unisamehe."

"Miaka ishirini na sita nimekamata watu waliokosea," Afande akasema. "Wengi tuliwafuata mpaka majumbani, na ushahidi tukauchimbua wenyewe. Walioubeba kwa mikono yao na kuuweka mbele yangu, hawafiki hata vidole vya mkono mmoja. Kesho saa kumi na mbili uwe jikoni. Na kuanzia kesho hakiingii kitu kwenye sufuria kabla sijakiona."

Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Kila gunia la mchele na la unga hufunguliwa mchana, mbele ya Afande, na kumwagwa juu ya turubai. Stoo imewekwa chaga za mbao ili mifuko isiguse sakafu, na madirisha yametobolewa ili hewa ipite. Karanga hazipikwi tena kwa mbwa. Mwenye kuhitaji nguvu anaongezewa yai au samaki mwenye mafuta. Unga ukiwa na harufu ambayo Eufrazia hana jina lake, unarudishwa dukani, hata kama muuza duka ameapa.

Afande hajawahi kulizungumzia tena jambo lile mbele yake. Hajamruhusu mbwa mwingine kulala barazani.

Rozi amepona kabisa. Bobi yuko hai, lakini ini lake halikurudi kama zamani. Anakula kidogo kidogo mara tano kwa siku: uji wa mchele, yai, boga lililopondwa, kuku asiye na ngozi. Hapelekwi lindoni. Anashinda jikoni, chini ya meza, na Eufrazia akipita lazima amruke.

"Huyu ndiye mtihani wangu," anasema akimwinamia na kumfunua mdomo kuangalia fizi. Hufanya hivyo mara tatu kwa siku. Leo fizi ni za waridi.

Daktari Rahel ana wasiwasi na Eufrazia kuliko na Bobi. Anasema mpishi huyu amepungua mwili tangu mvua zianze, na ule mlo wa asubuhi juu ya ndoo haumlindi mbwa yeyote. "Nimemwambia, mama, ukishachambua, ukishakausha, ukishahifadhi vizuri, kazi umeimaliza. Hawezi kuamini kwamba imekwisha."

Eufrazia anakiri. Mwaka huu mvua za Uluguru zimewahi, na mama yake amempigia simu kwamba karanga za Matombo bado hazijakauka vizuri. Kwanza alimwambia azitupe zote. Bibi Maria akamuuliza kama amerukwa na akili. Wakabishana siku mbili. Mwishowe Eufrazia alipanda kijijini na kumjengea mama yake kichanja cha miti chenye paa la nailoni, karanga zianikwe juu, mbali na udongo. Majirani watatu wameshakuja kukiangalia, na mmoja ameanza kujenga chake.

Jumamosi hii ana safari nyingine, fupi kwa mwendo lakini inayomnyima usingizi. Daktari Rahel ameandaa mkutano Mikese, kwa watu wanaofuga mbwa na kuku kando ya barabara kuu, ambao wengi hununua pumba na karanga zilizokataliwa kwa sababu ni rahisi. Amemwomba Eufrazia azungumze. Afande amesema atampeleka kwa gari lake, na atakaa mstari wa mbele. Ana mpango zaidi ya huo: akiweza kusema Mikese, anataka kwenda kwa akinamama wanaopikia wanafunzi, maana karanga zilezile hazichagui sufuria.

"Lakini kwanza niweze Mikese," anasema. "Sijawahi kusimama mbele ya watu. Na nikisimama nitasema nini? Watasema huyu ndiye aliyeua, anatufundisha nini?"

Daktari alimwandikia hotuba ya ukurasa mmoja. Inaanza kwa kueleza sumukuvu ni nini na husababishwa na nini. Eufrazia ameisoma mara nyingi, akaikunja, akairudisha. Haina kosa, alimwambia daktari, ila haianzii panapostahili.

Ameshaamua ataanza vipi. Amekuwa akijizoeza jikoni huku akiosha sahani, na Fidelis akiingia ananyamaza. Mwandishi anapomwomba aiseme, anakataa. Kisha anafuta mikono, anasimama wima kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele, na kuyaelekeza macho yake ukutani.

"Naitwa Eufrazia Banzi," anasema. "Mimi ndiye niliyempikia Kamanda."